Dozi Nzima ya Kimya

Swali la kumi na saba ndilo lililomkausha Eliwaza mate.

Alikuwa amekaa mbele ya Karani, ile mashine ya mapokezi yenye kioo kikubwa kama sinia la harusini. Mkono mmoja umebanwa na bangili ya kupima damu, wa pili umeng'ang'ania ukingo wa kiti. Maswali kumi na sita ya mwanzo aliyajibu kwa mazoea ya safari mbili zilizopita. Jina, Eliwaza Mkumbo. Umri, miaka thelathini na tisa. Makazi, Shelui, chini ya milima ya Sekenke. Kazi, kukaanga mbegu za alizeti kabla hazijaingia kwenye mashine ya kukamua. Ameshika mimba mara ngapi? Mbili. Amezaa mara ngapi? Hapo Karani hakungoja ajibu. Akajaza sufuri mwenyewe, akapita.

Kisha akasema, kwa sauti yake laini ya mtu ambaye hajawahi kulala na njaa:

"Tumepokea taarifa ya Sikio lililokuwa nyumbani kwako siku thelathini. Pole kwa ugomvi unaoendelea kati yako na mke mwenzako. Kwa sababu hiyo umepangiwa dozi nzima ya dawa ya kushikisha mimba. Swali la kumi na saba. Je, mke mwenza bado anaishi nyumbani? Jibu ndiyo au hapana."

Eliwaza akalisoma swali upya kwenye kioo.

Mke mwenza? Mke mwenza gani? Gunda, mumewe, hata kuoa huyo mmoja alihitaji kusukumwa na shangazi zake watatu. Je, kama mashine inajua jambo asilolijua yeye? Je, kama kuna mwanamke huko Misigiri, kule Gunda anakokwenda kutengeneza mashine za watu na kukaa siku mbili?

"Subiri kidogo," akasema.

"Una nafasi hadi saa nane kamili," Karani akajibu. "Kiinitete chako kimeshatolewa kwenye barafu. Hakirudishwi. Usipojibu, taarifa itabaki kama ilivyo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo.

*

Kliniki ile ilikuwa Kiomboi, huko juu kwenye baridi kidogo, na wanawake wa wilaya nzima waliiita "Mjini". Mtu akisema "kesho naenda Mjini", hakuna aliyeuliza mji gani. Tangu miaka ya joto kubwa ianze, miaka ambayo kuku walikuwa wakitaga mayai yasiyo na ganda na mahindi yakitoa mabunzi matupu, matumbo mengi ya wanawake nayo yaligoma. Serikali ikajenga kliniki, ikaweka sheria: kila mwanamke majaribio matatu, basi. La leo lilikuwa la tatu la Eliwaza.

Barazani vicheko vilikuwa vimepamba moto. Bibi Damari, nyanya yake Eliwaza, mwenye miaka themanini na sita na meno saba, alikuwa amewakusanya wanawake waliokuwa wakingoja, kama kuku na vifaranga.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango. Mgeni akija, ukuta ndio unaomkagua."

"Yai!" akasema mmoja.

"Yai ndiye mgeni mwenyewe, mwanangu. Jaribu tena."

"Kaburi!"

"Toba! Umekuja kutafuta mtoto unataja kaburi? Piga mdomo wako kofi. Haya, mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Singida."

"Singida jua kali, sitaki."

"Chukua Arusha basi."

"Enhee. Nimekwenda Arusha, nimefika, nimepewa maziwa ya mgando na kiti cha kukalia, nimewakuta watu wake wananiuliza, wale wa Kiomboi mbona wajinga? Jibu ni mji wa mimba! Mimi nawaomba mji, nyinyi mmeukalia!"

Wakacheka mpaka mmoja akajishika nyonga. Bibi Damari akageuka, akamwona Eliwaza amesimama mlangoni, uso umemshuka.

"Huyoo! Mke mwenzangu kaja. Wamemaliza kukukagua? Na mume wetu yuko wapi, au umemficha ili nisimwone leo?"

Eliwaza akamshika mkono.

"Bibi," akasema polepole, "rudia ulivyoniita."

"Mke mwenzangu. Kwani leo umepanda cheo?"

Ndivyo alivyomwita tangu Eliwaza alipoota meno. Kila nyanya humwita mjukuu wake wa kike hivyo. Gunda alipomwoa Eliwaza, Bibi akamrithi na yeye, akawa "mume wetu". Na Sikio, kile kikombe cheupe kilichobandikwa juu ya mtungi wa maji siku thelathini ili kipime utulivu wa nyumba, kilisikia yote. Kilisikia asubuhi: "Mke mwenzangu, ugali huu mbichi, unataka mume wetu afe umrithi peke yako?" Kilisikia mchana: "Mchukue mumeo, nimemchoka, kamwoshe miguu wewe!" Kilisikia jioni, Bibi akijikanda magoti: "Nitakuloga mimi, we subiri, nitakuloga nibaki naye!" Na Eliwaza akimjibu: "Niloge basi, mchawi gani asiyeweza hata kuvuka ua?"

Waliokitengeneza walikifundisha Kiswahili cha barua za ofisini. Utani hawakukifundisha.

Akamvuta Bibi pembeni, akamweleza. Mwanzoni Bibi Damari alicheka. Kisha kicheko kikamwishia, akashika mtandio wake kwa mikono miwili.

"Mdomo wangu," akasema. "Mdomo wangu umekuponza."

"Hujaniponza, Bibi. Wamenipa dozi nzima. Hawampi mtu nzima hivihivi. Wanampa aliye kwenye vita, au njaa, au nyumba ya ugomvi, mwenye msongo usioweza kuondolewa. Mimi nilipewa nusu mara mbili."

"Nzima ni nzuri?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Bibi akafikiri, macho yake madogo yakicheza. "Basi kama ni nzuri, nitasimama mbele ya hiyo mashine mwenyewe. Nitajifunga khanga mpya, nitapaka wanja. Nitasema mimi ndiye mke mdogo."

"Mdogo, Bibi?"

"Ukubwa nimeuchoka."

Eliwaza akatazama ukutani. Saa tano na nusu.

*

Gunda alikuwa nje, amechutama kando ya bomba, anaosha mikono ambayo haikuwa michafu. Mtu mrefu, mpole, fundi wa mashine za kukamua mafuta. Angeweza kusikiliza mashine ikinguruma akakuambia jino gani la gia limelika. Eliwaza akamweleza kwa maneno machache. Kwa muda mrefu sasa walikuwa wakizungumza kwa maneno machache.

Gunda akafunga bomba. "Sema ndiyo," akasema.

"Ni uongo."

"Sio wewe uliyedanganya. Ni mashine iliyojidanganya. Sema ndiyo, wakupe nzima."

"Hujui nzima inafanya nini."

"Najua nusu inafanya nini." Sauti yake ikakwaruza. "Nimechoka kukuona unafua shuka, Eliwaza."

Akatazama chini, kama mtu aliyetema kitu asichokusudia. Eliwaza akangoja aongeze neno. Hakuongeza. Akaacha maji yakimdondoka vidoleni, na Eliwaza akaondoka kwenda kumtafuta nesi.

*

Nesi Zuhena alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na chumba chake kilinukia spiriti na karafuu. Eliwaza alipomaliza kusimulia, nesi aliinuka, akafunga mlango.

"Mimi sijasikia ulichosema," akasema. "Nina masikio ya mtu, sina Sikio. Ila uliza unachotaka."

"Nzima na nusu, tofauti yake nini? Siyo ile ya kwenye karatasi. Ya kweli."

Nesi Zuhena akavuta kiti, wakakaa magoti kwa magoti.

"Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna jiko. Barua ndefu zinaingia jikoni zinasema, pika hiki, pika kile. Kinachopikwa ni protini, na kila protini lazima ikunjwe vizuri kama sambusa. Ikikunjwa vibaya inamwaga. Sasa wewe unasimama mbele ya kikaango saa tisa kwa siku, joto linakupiga. Au unakaa na hofu mwaka mzima. Wakunjaji wanazidiwa, sambusa mbovu zinajaa, seli inapiga yowe. Huo ndio msongo wa seli."

"Na hivyo vijibarua vinavyotajwa kwenye karatasi?"

"Vijibarua, jina lake la kitabuni maikro-RNA. Vifupi, herufi ishirini na mbili hivi. Havipiki kitu. Kazi yake ni kuibandika barua ndefu tangazo: hii isisomwe. Kiasi kikiwa sawa ni vitu vizuri, ndivyo vinavyoweka adabu jikoni. Msongo ukija, vingine vinazidi, vingine vinapungua, na barua zilizotakiwa kusomwa hazisomwi. Ule utando wa ndani ya mji wa mimba, tunaouita ukuta, unafika siku yake haujajiandaa. Mgeni anagonga, ukuta umelala. Nusu dozi inavikamata vile vijibarua vya msongo tu."

"Na nzima?"

Nesi akavua miwani, akaanza kuifuta. Aliifuta muda mrefu.

"Ukuta si godoro, Eliwaza. Ukuta unapima. Kiinitete kikitua, unakionja. Kikiwa kizima unakikumbatia. Kikiwa na hitilafu ambayo hakitaweza kuishi nayo, unakiacha kiende mapema, wewe unadhani ni siku zako zimechelewa kidogo. Kupima huko nako kunapita kwenye vijibarua. Dozi nzima inavikamata vyote. Ukuta unanyamaza. Unapokea yeyote."

"Na changu? Kiinitete changu kikoje?"

"Tulichukua seli tatu kukipima. Mbili safi, moja hesabu yake haiko sawa. Vya namna hiyo vingine vinajirekebisha, wanakuwa watoto wazuri ambao mama zao hawajui hata kama kulikuwa na neno. Vingine haviwezi. Hakuna mashine inayojua ni kipi ni kipi. Ukuta peke yake ndio unaojua."

Eliwaza akayapanga kichwani. Kwa hiyo ndivyo. Nzima itakishika, kizima au kibovu. Nusu inaweza kukikataa kizima kwa sababu ukuta umechoka, kama ulivyofanya mara mbili. Na hakuna cha nne.

"Wewe ungefanyaje?" akauliza.

"Mimi nilipewa nzima." Nesi Zuhena alisema hivyo kama mtu anayetaja alikozaliwa. "Miaka sita iliyopita, mimi na mwalimu mmoja kitanda cha pili. Ya kwake ilishika. Ana binti sasa, yuko chekechea, anaimba kwa kelele kuwazidi wote. Ya kwangu nayo ilishika. Nikabeba miezi saba na nusu. Aliishi saa nne. Miezi yote ile ukuta wangu ulikuwa umeshonwa mdomo, na mimi nafurahi, nafuma sweta." Akavaa miwani. "Kwa hiyo usiniulize mimi. Mimi nitakuambia moja, mwalimu atakuambia lingine, na wote tutakuwa tunasema kweli."

Saa sita na dakika ishirini. Eliwaza akainuka. Nesi akamshika kidole.

"Kuna kitu kingine. Sikio lilikosea sababu. Damu yako haikukosea. Vijibarua vyako vya msongo viko juu kweli, juu kuliko mara mbili zilizopita. Sasa kama hakuna mke mwenza, mimi nikajiuliza, basi ni nini? Nikafungua daftari la pili."

"La pili?"

"Sikio lina daftari la maneno na daftari la ukimya. La ukimya hakuna anayelifungua, kwa sababu mashine inauandika ukimya kuwa ni utulivu." Akageuza kioo kidogo cha mezani. "Siku thelathini. Sauti ya mumeo imesikika mara arobaini na moja. Anamjibu bibi, anajibu simu, anaita kuku. Kwako wewe, mara mbili. Mara moja amesema 'mlango'. Mara ya pili amesema 'haya'."

Eliwaza akatazama zile namba. Zilikuwa ndogo, nyeusi, zimepangwa vizuri.

"Simaanishi hilo ndilo lililotoa mimba zako," Nesi Zuhena akasema upesi. "Usije ukabeba mzigo huo, siyo wako. Joto la kikaango peke yake linatosha. Nimekuonyesha tu kwa sababu mashine imehesabu kelele za upendo kuwa ni vita, na hiki hapa imekiita amani."

*

Alimkuta Gunda amekaa kwenye benchi la nyuma, karibu na matangi ya maji, amepindisha kipande cha waya mpaka kimekuwa kama sindano. Eliwaza akakaa. Kati yao palibaki nafasi ya kumtosha mtu wa tatu.

"Mlango," Eliwaza akasema. "Na haya."

"Nini?"

"Ndiyo maneno uliyoniambia mwezi mzima. Yameandikwa."

Gunda akageuza waya vidoleni. Kwa mbali, mlangoni, Bibi Damari alionekana akichungulia, akajirudisha ndani kama mtoto aliyekamatwa.

"Ile mimba ya pili," Gunda akasema hatimaye. "Nilipofika nikakukuta umekaa kwenye beseni. Nikasema, tutapata mwingine."

"Nakumbuka."

"Nikauona uso wako. Mimi ni fundi, Eliwaza. Kitu kikivunjika nasema kuna kingine, nakifungua, naweka kipya. Nikaona nimekwambia neno la dukani. Tangu siku hiyo kila neno ninalotaka kukwambia nalikagua kwanza. Nalipima, naliona litakuwa kama lile. Naliacha." Waya ukakatika mkononi. "Sasa hata salamu naikagua."

Mwaka mzima Eliwaza aliamini kuwa Gunda amemchukia. Mwaka mzima alilala amempa mgongo, anasikiliza pumzi zake, akidhani anangoja tu jaribio la tatu lishindikane ili aondoke kwa amani.

"Nilidhani umenichoka," akasema.

"Mimi? Nitamchoka nani, nikabaki na Bibi?"

Eliwaza akacheka, na kicheko kilitoka na machozi, kibaya, kama mtu anayekohoa. Gunda akasogea ile nafasi ya mtu wa tatu. Akamshika mkono; wake ulikuwa wa baridi.

Kisha Eliwaza akamweleza ya nesi, yote, jiko na sambusa na ukuta unaopima. Gunda alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama anavyosikiliza injini.

"Ukisema hapana," akauliza, "na ikashindikana?"

"Itakuwa imeshindikana. Hakuna mwingine."

"Na ukisema ndiyo?"

"Huenda nikazaa mtoto mzima. Huenda ikawa kama ya nesi. Lakini si hilo tu linalonitisha." Akatafuta maneno, akayapata moja moja. "Kila siku ya miezi tisa nitajiuliza, amekaa kwa sababu anaweza kukaa, au kwa sababu nimemziba mdomo anayetakiwa kusema? Kipo kitu kimoja tu duniani kinachojua kama mtoto huyu ataishi, na kiko ndani yangu, na nikinyamazisha hicho nimuulize nani?"

"Mwili wako ulishakosea mara mbili."

"Pengine ulikosea. Pengine ulikuwa sahihi. Hatukujua, kwa sababu tulikuwa tunaogopa kuuliza."

Gunda akanyamaza, lakini safari hii ulikuwa ukimya wa mtu anayefikiri, na Eliwaza akashangaa kwamba anaweza kuutofautisha.

"Mimi ningesema ndiyo," Gunda akasema. "Sikufichi. Ningesema ndiyo sasa hivi na ningelala usingizi. Lakini tumbo si langu." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Twende. Saa saba na nusu imepita."

*

Kulikuwa na foleni ya watu wawili. Mmoja alikuwa mzee wa kusikia kwa shida, Karani alilazimika kumrudia kila swali mara tatu, na kila mara Eliwaza alitazama saa. Saa saba na dakika arobaini. Saa saba na dakika arobaini na sita. Bibi Damari alisimama nyuma yake ameshika pindo la gauni lake. Hakusema neno hata moja, na hilo peke yake lilitisha.

Saa saba na dakika hamsini na mbili akakaa.

"Swali la kumi na saba," Karani akasema. "Je, mke mwenza bado anaishi nyumbani?"

"Hapana. Hajawahi kuwapo. Huyo uliyemsikia ni nyanya yangu."

"Jibu linapingana na taarifa. Sikio limehesabu vitisho kumi na tisa vya kuloga."

"Ni utani."

"Neno utani halipo kwenye orodha ya mahusiano ya nyumbani. Chagua: ugomvi, kutengana, kulazimishwa, hakuna."

Nyuma yake Bibi alisonya, msonyo mrefu uliopita kwenye meno yote saba.

"Hakuna," Eliwaza akasema.

"Kwa jibu hilo dozi itapunguzwa kuwa nusu. Uamuzi haurudishwi. Weka kidole kuthibitisha."

Akaweka kidole. Kioo kikakataa, kidole kilikuwa kimelowa jasho. Akajifuta, akaweka tena, kikakataa. Saa saba na dakika hamsini na tano. Sauti ndogo ndani yake ikamwambia, acha, umejaribu, acha muda upite, utapewa nzima na haitakuwa kosa lako. Ilikuwa sauti tamu kupita zote alizozisikia siku ile. Alikaa nayo kwa pumzi moja, mbili.

"Gunda," akasema. "Nifute."

Gunda akachomoa shati, akakamata kile kidole kwa pindo kavu, akakifuta taratibu, kila upande, kama anavyofuta kipuri kabla ya kukirudisha mahali pake. Eliwaza akakiweka kwenye kioo. Kikasoma.

*

Siku kumi na moja baadaye alikuwa ua wa nyuma, anachambua mchele, maana kiwandani alikuwa amehamishwa kutoka kwenye kikaango akapelekwa kwenye mizani. Siku kumi na moja alikuwa akienda chooni na kujitazama. Siku kumi na moja alikuwa akihesabu kila mchomo wa tumbo, huu wa upande wa kulia, huu wa chini, huu nimeujua, hapana, sijaujua. Gunda alikuwa ameanza kuzungumza kama mtu anayejifunza baiskeli ukubwani: anapanda, anayumba, anaanguka kwenye sentensi, anapanda tena. Jana yake alimsimulia kwa nusu saa habari za beringi iliyopasuka. Eliwaza hakuelewa kitu, na hakutaka amalize.

Simu ikaita. Nesi Zuhena.

"Damu uliyopima asubuhi majibu yamefika. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Imeshika."

Ungo ukainama, mchele ukamwagika mapajani.

"Eliwaza? Upo?"

"Nipo. Nesi, na kama ni kile kibovu?"

"Basi ukuta utakiachia. Kesho, au wiki ijayo. Sitakudanganya, bado ni mapema sana na bado unaweza kukiachia. Mdomo wa ukuta wako uko wazi. Rudi keshokutwa tupime tena."

Simu ikakatika. Eliwaza akabaki ameishika. Hofu ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe. Ilikuwa imehama tu, kutoka huku kwenda kule, na kule ilikohamia kulikuwa na nafasi zaidi. Akaweka kiganja chini ya kitovu. Hapakuwa na kitu cha kusikia. Palikuwa na joto la kawaida la ngozi, na punje za mchele zilizoganda kwenye gauni.

Gunda akatokea pembeni ya nyumba, spana mkononi. Akamwona alivyokaa. Akasimama. Eliwaza alimwona akilikagua neno, akilipima, kisha akaliachia hivyohivyo lilivyo.

"Wamesemaje?"

"Tumekubaliwa."

"Na kliniki?"

Eliwaza akatikisa kichwa.

"Na nani sasa?"

"Na mimi," akasema, kiganja bado kiko chini ya kitovu.